Mshono

Mrija namba mia mbili na nne umefika Mandalay asubuhi
ndani ya kasha la barafu kutoka machimbo ya Hpakant,
umezungushiwa plasta, na wino umevuja:
Maran Brang Di, miaka thelathini na mmoja, mwokota mawe.

Simjui. Naujua mlima wake tu,
ule ambao malori huumwaga upya kila usiku
na wanaume huukwea gizani, tochi kwenye paji la uso,
wakipekua kifusi cha wenye leseni
wapate jiwe la kijani hata la ukubwa wa jino.
Navijua vibanda vya turubai chini yake,
bei ya kichupa, bei ya sindano,
na kwamba aliyepungukiwa hupokea ya mwenzake
ingali na joto.

Hkawn Mai, muuguzi wa kule, ameandika pembeni:
"Ana miaka sita tangu apimwe. Dawa anameza, namwona kwa macho.
Mbona virusi vinapanda?"

Swali la mstari mmoja. Limenikalisha siku tatu.

Nilipozifungua herufi zake kwenye kioo cha kompyuta,
herufi nne tu, zinarudiwa maelfu kwa maelfu,
mwanzo niliutambua: aina C.
Nikateremka. C. C. Kisha, bila hodi,
sentensi ikabadili lafudhi.
B. Kurasa nzima za B.
Halafu C tena, kama mtu aliyetoka kidogo kupokea simu.

Nikajua nimechafua sampuli. Nikanawa, nikarudia.
Nikarudia kwa mashine ya Ko Zeya, ambayo hainipendi.
Mshono ulikuwa palepale.

Basi sikiliza, wewe usiyekuwepo, maana leo sina wa kumweleza.
Aliambukizwa mara mbili.
Sindano na sindano, au sindano na mapenzi;
damu haiweki risiti.
Virusi viwili visivyojuana vikaingia seli moja
kama wasafiri waliopangiwa kitanda kimoja gesti.
Kila kirusi husafiri na nyuzi mbili.
Humo, uzi wa huyu ukafungashwa na uzi wa yule
katika ganda moja, na ganda likaenda zake.
Lilipopata seli nyingine, mwandishi wake akaanza kazi:
kimeng'enya kisicho na macho,
kinakili mbiombio, hakirudii kusoma,
na katikati ya neno hurukia karatasi ya pili
bila kuinua kalamu.
Hakikusudii. Neno "ujanja" tunalitia sisi.
Ila mmoja alikuwa amezoea kidonge cha asubuhi,
mwingine kile cha saa mbili usiku,
na huyu aliyezaliwa
ana funguo za milango yote miwili.

Fomu ya wizara haina kisanduku chake.
Nimeweka alama kwenye "Nyinginezo",
mahali alipoweka karani, kwa penseli,
siku mama, Mchina wa Ruili, na baba, Mshan wa Lashio,
waliponipeleka kuandikishwa.

Nikamjibu Hkawn Mai: badilisheni dawa, msimgombeze,
mpeni sindano mpya kila anapokuja, hata asipoomba.
Nikaeleza habari ya aina mbili. Nikafunga kesi.

Jana ukaja ujumbe.
Amesomewa majibu yote, akanyamaza sana, akauliza jambo moja:
kati ya hao wawili, yupi ni wa Seng Pan?
Mkewe. Alifukiwa na kifusi mwaka juzi, wakati wa mvua.
Hawakumpata. Hakuna kaburi, hakuna nguo.

Nimeufungua tena ule mstari wa herufi.
C. Mshono. B. Mshono. C.
Nimeandika: "Huenda ni ile ya katikati."
Nimefuta.
Nimeandika: "Haijulikani."
Nimefuta.
Ko Zeya amezima taa za ukumbi, anauliza kama nimemaliza.
Haijulikani, Brang Di.
Haijulikani.