Mara ya Sita

Aliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu,
herufi zikipanda kulia kana kwamba zinatoroka ukuta:
SAGA MARA TANO, MARA YA SITA BURE.
Isevya, mashine ya Lutambi, mwezi wa saba,
mahindi yametoka shamba, hakuna nyumba isiyo na gunia.

Mimi ndiye niliyeshika muhuri.
Wino wa zambarau, kadi za manila
nilizozikata kwa mkasi wa mama.

Siku ya tatu Nyamizi akaja na kisado.
Kisado kimoja! Mahindi hayakulowesha hata koo la mashine.
Nikagonga muhuri.
Kabla ya adhuhuri karudi na kisado kingine,
kanga ileile, jicho kalipeleka pembeni.
Jumamosi, muhuri wa tano haujakauka,
mkokoteni ukasimama mlangoni:
magunia mawili, na kijana wa kusukuma.
"Hii ni mara ya sita," akasema.

Nikamwita Lutambi. Akausoma ukuta wake
kama mtu anayesoma barua ya deni.
Mara.
Hakuandika debe, hakuandika kilo.
Neno la silabi mbili,
na magunia mawili yamepita katikati yake.

Basi mtaa mzima ukajua hesabu.
Kalunde aligawa debe lake katika mifuko mitano.
Kaya nne za Cheyo zilichangia kadi moja.
Katekista alikuja asubuhi, akaja jioni,
eti ananyoosha miguu.
LUKU ikalia usiku na mchana,
na Lutambi, kakaa juu ya gunia la pumba,
akawaita wezi, mmoja mmoja,
kwa majina ya baba zao.

Nilitaka kukubaliana naye. Alikuwa ananilipa.
Tena nikajiambia: aliyekaribishwa chai
haondoki na birika.

Mama alinisikiliza huku anapepeta.
"Kwani," akauliza, "hiyo bure aliitoa wapi?"

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya Mwanne,
mjane, injini ya dizeli inayokohoa kabla ya kuwaka.
Tulisaga kwake tangu sijaota meno.
Alipima kwa debe, na ukipungukiwa hamsini
alisema, "Utaleta," kisha anasahau kwa makusudi.
Miezi miwili kabla ya rangi nyekundu
nilimwona Lutambi barazani kwake, kalamu mkononi,
akihesabu foleni ya Mwanne.
Nilidhani anahesabu mbuzi.

Kwa hiyo kadi zangu zilikuwa chambo,
na samaki, kwa werevu wao, walikula chambo
wakaiacha ndoano ikining'inia.
Nani atamhukumu samaki?

Lakini ngoja.
Mwezi wa tisa injini ya dizeli ilipandishwa lori la Urambo.
Mwanne alinisalimu kwa jina langu,
akauliza kama mama amepona mgongo.
Jumatatu Lutambi akapaka chokaa ukutani,
na bei ikapanda shilingi mia kwa debe.
Nyamizi alilipa. Katekista alilipa.
Tulilipa wote, kimya, unga kwenye kope.

Simlaumu mtu kwa gunia.
Aliyeandika mara alipewa mara,
naye si mtoto, miwani anayo.
Kinachonikaa kooni ni ile barabara,
hatua thelathini, labda thelathini na mbili,
jinsi tulivyoivuka tukicheka
na mjane kasimama mlangoni, mikono mitupu.
Mkono mtupu haulambwi, tulisema.
Nami nilisema, na muhuri nilikuwa nao.

Mvua za Novemba zilipoosha chokaa
herufi zilirudi, nyekundu, zimefifia:
MARA YA SITA B
na mengine yamekwenda na maji.

Kadi ya mama ina mihuri mitano.
Hakwenda kuidai ya sita.
Ameikunja mara nne,
kaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba,
na meza sasa imetulia,
na hapo ndipo tunapolia ugali.