Dakika ya Tisa

Nilitundika shuka ukutani mwa ghala, Kayenze,
nikawasha projekta kwa jenereta ya kukodi.
Nkwimba alikuja na kigoda chake,
viganja vingali vinameta magamba.

Kule ukumbini, mjini, walisema "mwili na kazi",
walisema "nuru".
Niliitikia kwa kichwa, kana kwamba nilikusudia.

Shukani anageuza dagaa mchangani,
anageuza, kunguru wanaruka,
mkanda unafika mwisho, unaanza upya,
na dagaa hawakauki.

"Rudisha nyuma."
Wingu nililolisubiri siku mbili hakuliona.
"Nyuma kidogo. Hapo! Simamisha."

Dakika ya tisa. Pembeni kabisa,
mahali nilipotaka kupakata
kwa kuwa mtu alinipitia mbele ya kamera,
Malegesi ana gunia begani.

"La tatu hilo," akasema.
"Aliapa kwa mtendaji alichukua mawili."

Ghala zima likaangua kicheko.
Jenereta ikakohoa, ikazima.
Gizani nikasikia kigoda kikiburutwa
hadi karibu na shuka, kama vile
Malegesi angeweza kutoroka.

"Kesho saa tatu," akaniambia,
"beba mashine yako. Na uvae viatu."