Chanzo cha Kosa

Muhula ulianza na mkate.
Vipande vitatu, kila kimoja na mfuko wake:
kimoja kimeguswa kwa mkono ulionawa,
kimoja kwa mkono uliotoka kushika ngazi za shule,
kimoja kimesuguliwa kwenye simu yangu
bila ruhusa.
Vikaning'inia dirishani kwa vibanio vya nguo,
mama akala chajio akivipa mgongo.
Siku ya tisa kile cha simu kikaota manyoya ya kijani.
Danica akaniangalia kama daktari
anayetafuta maneno ya upole.

Mwalimu Barría alikuwa amewaambia:
chagueni swali, lifuateni wenyewe,
mimi nitasoma daftari tu.
Wenzake walichagua moja moja.
Kuuliza si ujinga, wanasema; mdogo wangu
aliuliza mpaka friji.

Aprili baiskeli yangu ikapoteza gurudumu la mbele.
Nililikuta juu ya banda la kuni,
limelazwa chali, vikombe vinne vya mtindi
vimefungwa kwa waya kwenye spoku,
kimoja chekundu ili jicho lihesabu.
Hapa Punta Arenas upepo haupimwi, nikamwambia,
huombwa radhi.
"Mara thelathini na nane kwa dakika," akajibu,
glavu mdomoni, penseli mkononi.
Usiku wa tarehe kumi na tisa mtambo uking'oka,
kikombe chekundu tulikiokota mtaa wa tatu.
Akaandika: Upepo ulizidi kipimo.
Nikasema hayo si matokeo.
Akasema ndiyo hayo.

Sasa naja kwenye maharage.

Mei. Makopo manane,
manne jikoni, manne kwenye kibaraza cha nyuma
penye baridi ya kuuma meno.
Kila asubuhi rula, thamometa, jedwali.
Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku kiwandani,
tunakomenya kaa wa kusafirishwa,
vidole vimekufa ganzi,
na kila alfajiri nilipita mbele ya yale manne.
Moja lilikuwa limechungulia,
shingo imepinda,
likasita.
Alfajiri moja sikuweza.
Nikayabeba yote hadi karibu na jiko la kuni,
nikayarudisha kabla hajaamka.
Siku tano nilifanya hivyo.

Yakaota. Danica akapiga magoti barazani,
akapima mara mbili, akapima tena,
akafuta jedwali, akalichora upya.
Wiki nzima alilala akiamini
amegundua jambo kuhusu baridi.

Nilimwambia Juni, uani, saa nane kasorobo,
saa ambayo jua letu hufika juu,
kama pale ni juu.
Nilikuwa nimeshika mpini wa ufagio usimame wima,
yeye akivuta utepe kufuata kivuli.
Machi kilikuwa mita moja na kitu.
Sasa kilivuka uzio, kikaingia kwa jirani,
Bi Hortensia, aliyetufungulia lango
kana kwamba kivuli nacho ni mgeni.
"Nne na sentimita kumi na nane."
Nikasema: maharage ni mimi.
Utepe ukajikunja wenyewe, chwaa.
"Kwa nini?" akauliza,
kwa sauti ile ile anayoulizia friji.
Nikatafuta jibu la kisayansi. Sikuwa nalo.

Ripoti ilirudi Julai na alama nisizozikumbuka.
Nakumbuka ukurasa wa kumi na moja:

Chanzo cha kosa: kaka yangu Mirko
aliyahurumia yaliyokuwa baridini.
Kiasi cha huruma hakikupimwa.
Jaribio lirudiwe.

Gurudumu langu halijarudi.
Barazani kuna makopo mapya manne
na karatasi iliyobandikwa usawa wa macho yangu:
Usiyaguse.
Kaa wewe karibu na jiko.