Pembeni mwa Daftari la Maji

Baba yangu, Dadi Chilumba, alikuwa karani wa kioski cha maji, Newala,
miaka ile bomba likitoa maji siku mbili
na siku tano likitoa upepo.
Ameniachia daftari. Jalada limeliwa na mchwa,
wino umegeuka rangi ya chai.

Kushoto, majina na madebe:
Binti Nankoma, moja, kalipa kwa ming'oko.
Somoe Likwata, mawili, hajalipa.
Kulia, pembeni, mahali ambapo mkaguzi hatazami,
aliandika habari za mwezini.

Januari sitini na saba: "Watatu wameungua
ndani ya chombo, chombo kikiwa bado chini, mlango umefungwa.
Hawakwenda popote."
Halafu: "Mashine ya bondeni imekufa tena."

Krismasi sitini na nane: "Wameuzunguka mara kumi,
hawakugusa."
Kwa herufi ndogo, kana kwamba anajificha mwenyewe:
"kama mimi na nyumba ya kina Somoe."

Ukurasa wa Julai una doa la mafuta ya taa.
Redio ilikuwa ya Mwalimu Nampunju,
betri zilianikwa juani kutwa nzima
zipate pumzi ya usiku mmoja.
Saa tano na robo walitua.
Watu wakatoka nje kuhakikisha:
mwezi, kipande tu, umeinama upande wa Masasi,
hauna habari.
Dakika chache ukazama
na wale watu ndani yake.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri,
mmoja akashuka ngazi, akakanyaga.
"Wakati huo," baba ameandika, kapigia mstari,
"mwezi ulikuwa chini ya miguu yetu,
ng'ambo ya dunia."
Na kwenye mteremko wa kwenda Ruvuma
wanawake walikuwa wakipanda na mitungi,
kila mmoja akipapasa jiwe kwa kidole gumba
kabla ya kulipa uzito wake.
Somoe alikuwa wa nne kwenye mstari. Hilo pia ameliandika.

Machi sabini: deni la Somoe Likwata limefutwa.
Haelezi.
Mimi ndiye maelezo.

Aprili, mwandiko unayumba.
"Chombo kimepasuka njiani. Hawatatua.
Maji ni machache, mashine inayahitaji ipoe,
kila mtu anakunywa kikombe kidogo kwa siku."
Hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho,
kalamu ilivuka mstari mwekundu
ikaingia kushoto, kwa wateja:
"Wasafiri watatu. Vikombe vitatu. Wasidaiwe."

Walirudi. Ameandika "Walirudi", basi,
wiki hiyo foleni ilifika msikitini.

Sabini na moja: "Mmoja kapiga mpira kwa fimbo."
Miezi mitano baadaye: "Wamepeleka gari, linatembea.
Basi la Lindi halijaonekana tangu masika."

Desemba sabini na mbili alifunga hesabu
kama anavyofunga ya mwezi, mistari miwili, jumla:
"Waliokanyaga, kumi na wawili.
Hakuna anayetajwa kufuata."
Kushoto, madebe yanaendelea.
Kurasa arobaini zaidi, madebe tu,
pembeni peupe.

Juzi nimesoma kwamba wanajiandaa kutua tena,
kwamba barafu imeonekana huko,
kwenye mashimo ambayo jua halijawahi kuchungulia.
Nikauliza, upande gani?
Kusini.
Nilicheka hadi mjukuu akaja kuniangalia.

Nikatafuta kalamu. Chini ya jumla ya baba
palibaki mstari mmoja mtupu,
nikaandika kama alivyoandika yeye,
herufi zikilala kulia:
"Maji yapo, kusini, bondeni.
Kazi ni kuyapandisha."