Nyeusi Yangu, Nyeusi Yake

Derek alipofariki nilivaa nyeusi mwaka mzima
na mji wote wa Colne uliniletea keki.
Ya limau, ya tangawizi, moja hata na mshumaa juu,
sijui aliyeuchomeka aliwaza nini.
Hakuna aliyeniuliza kama ninakunywa damu.

Mwaka uliofuata binti yangu alichovya nguo zake zote
kwenye sinki la jikoni, na sinki halijatakata hadi leo.
Buti zenye matundu ishirini na mawili ya kamba
(niliyahesabu nikimsubiri mlangoni),
macho ya mkaa, midomo ya zambarau.
Bi Entwistle wa nyumba ya pili alinishika mkono dukani,
mbele ya rafu ya maziwa, akanong'ona:
"Huyo mtoto anaabudu nani?"

Anaabudu usingizi, nilitaka kumjibu.
Anaabudu mkate wa kuchoma wenye jibini.
Ama damu, Keeley wangu alipochanjwa
alianguka kama gunia, muuguzi akampepea kwa faili,
naye alipozinduka akaomba radhi
kwa wanja alioupaka kwenye mto wa watu.

Kisha yuko Bryony, rafiki yake.
Dini yake ni Wicca na haifichi.
Madhabahu yake ni kiti cha jikoni:
chumvi ndani ya kikombe cha yai, jani la mwaloni,
jiwe la mtoni, na mshumaa ambao mama yake
kamkataza kuuwasha karibu na pazia.
Mwezi ukijaa hutoka uani kuusalimu
akiwa na soksi mbili mbili, maana huku mwezi huja na baridi yake.
Ndiye mchawi mwenyewe huyo.
Bwana Hargreaves huvuka barabara asipishane naye.
Bwana Hargreaves, asiyepita chini ya ngazi,
anayegonga meza mara tatu akitaja afya yake,
akimwaga chumvi hurusha nyingine nyuma ya bega
la kushoto, si la kulia, la kulia halifai,
halafu anamwita Bryony mshirikina.
Nyani, geuka kidogo ujitazame.

Na kilima cha Pendle kipo pale, juu ya mapaa yetu.
Zamani waliteremsha watu kutoka huko, wengi wanawake maskini,
wakawanyonga Lancaster.
Leo tunauza vitambaa vya vyombo vyenye ufagio,
biskuti za kofia ya ncha, pauni tatu pakiti.
Mchawi akiwa mfu ni biashara.
Akiwa hai, na soksi zake, anaitiwa polisi.

Waliitiwa kweli. Novemba, saa kumi na moja jioni, giza tayari,
vivuli vitatu makaburini.
Aliyepiga simu alisema wanatoa kafara.
Askari, kijana mdogo, alinipitia nyumbani nikawatambue,
tochi ikimtetemeka.
Tuliwakuta wamepiga magoti kuzunguka ndoo ya maji ya moto,
kila mmoja na mswaki,
wakisugua kuvu kwenye jiwe la Derek.
Ile R ya mwanzo wa jina la pili ilikuwa imezibika tangu Pasaka.
Wa tatu, Alistair, mrefu, fuvu la fedha shingoni,
alimpa askari mkono wenye povu.
Askari akazima tochi. Hakujua aandike nini.

Nami nilinyamaza na langu.
Usiku mmoja niliinama mvunguni mwa kitanda chake
kutafuta sijui nini, mifupa, paka.
Nilikuta shati la baba yake, la buluu,
limekunjwa, halijachovywa.

Basi nikajipa jibu: kumbe ni msiba.
Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kwa sauti ya kanisani,
"Nyeusi hii yote, mwanangu, ni kwa ajili ya baba?"
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Hapana, Mama. Inanipendeza tu.
Yako ilikupendeza?"

Nikafikiri hadi tukafika kona ya Bi Entwistle,
pazia lake likitikisika.
Ilinibana kiunoni, nikasema.