Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Sheha kaniambia: Katibu, andika kwa ufupi.
Nikaandika: "Wajumbe walijadili dirisha la dawa."
Mstari mmoja, kalamu ya buluu, muhuri.

Lakini tulikaa tangu alasiri
katika darasa la tatu, skuli yetu hapa Wete,
watu wazima kwenye madeski ya watoto,
magoti yamekaribia videvu,
na ubaoni hesabu za asubuhi hazijafutwa:
saba mara nane, hamsini na sita.

Swali lenyewe dogo, lajaa kikombe cha dawa:
serikali ifungue dirisha kituoni petu,
mateja waje kila asubuhi,
wanywe, watie saini, waende zao?

Bi Mafunda hakungoja kuitwa.
"Ukutani mmeandika Matibabu Bure.
Kazija wangu kajifungua kwa tochi ya simu.
Glavu nilinunua mimi. Uzi wa kumshonea, mimi.
Wembe, mimi.
Leo mwanambia aliyeniibia sufuria
atamiminiwa dawa, na maji ya kushushia?"
Watu wakapiga madeski.
Na mimi nilipiga. Hilo sikuliandika.

Ustadh Msanifu akasema haramu haioshwi kwa haramu.
Hidaya wa kituoni, msichana wa juzi, sauti yamtetemeka,
akasema: "Hiki ni kipimo, ustadh, si kilevi.
Anywaye kwangu hadungi kwengine.
Sindano moja huko nyuma ya soko
hupita mikono mitano,
na huyo wa tano ana mke nyumbani."
Wanawake wakatazama sakafu.
Kila mmoja akahesabu peke yake.

Akainuka Shaame, fundi wa friji:
"Unga haukuota hapa kama muhogo.
Umeletwa. Una mwenyewe,
na mwenyewe hanywi dawa ya dirishani, ana gari.
Serikali ianze kwake."
Sheha akakohoa.
"Hilo, katibu, liache."

Ndipo Bi Riziki, kule nyuma, penye deski bovu:
"Mimi ndiye mama wa mwizi wa sufuria.
Mafunda, sufuria zako ntalipa.
Waliniambia nimfunge, nikamfunga,
siku tisa, kwa kamba ya mbuzi.
Ya kumi nilimfungua mwenyewe, msiniulize kwa nini.

Msimu uliopita nilificha pishi mbili za karafuu.
Pishi mbili! Chini ya kitanda.
Magharibi haijaingia, gari la magendo liko mlangoni.
Serikali inayonipimia karafuu hadi makonyo,
mkono wake ukafika chini ya kitanda changu,
vipi haufiki kitandani penyewe,
alipolala mwanangu?"

Hakuna aliyepiga deski.

Bi Mafunda akavuta mtandio, akausawazisha, akauvuta tena.
"Basi mpeni dawa yake," akasema,
"na mimi mnipe uzi wangu."
"Mfuko ni mmoja, Bi Mafunda," sheha akajibu.
"Mfuko mmoja, mbona mikono mingi?"

Tukacheka. Kilikuwa kicheko kibaya.
Adhana ikatuokoa.
Hatukupiga kura. Kikao kiliahirishwa
mpaka tarehe itakayotangazwa.

Nilirudi kwa njia ya kituoni.
Dirisha lipo, limepigiliwa ubao tangu masika,
na chini yake Msellem amekaa
kama aliyewahi foleni.
Tulisoma darasa moja, lile lile la tatu.
"Wamesemaje?"
Sikuwa na la kumwambia, nikampa karatasi.
Akasoma ule mstari, polepole, midomo ikienda,
kisha akaigeuza nyuma
kutazama kama kuna zaidi.