Lita Moja ya Maji

Glavu ya uchunguzi haina kulia wala kushoto.
Huvaliwa na mkono uliofika kwanza.
Hilo nililijua kabla ya mengine,
mimi Odindo Mbeka, mtunza stoo wa kituo cha afya
nyuma ya reli, Kibos,
mwenye funguo tatu na kalamu iliyofungwa kamba.

Katoni arobaini zilishushwa Jumatatu,
harufu ya molasi ikiwa imetanda uani.
Bei ilikuwa nzuri mno. Karani wa tenda alicheka
hadi nikaona pengo lake la nyuma.
Muhuri upo, tarehe ipo,
jina la nchi limefifia,
kama mtu amelipitishia kidole chenye mate.

Usiku ule Sista Khasandi akaniletea mkono wake.
Hakusema neno. Aliuweka mezani, juu ya leja,
kidole cha kati kikiwa na damu isiyo yake.

Basi nikafanya kama waraka unavyofundisha:
nikaifunga glavu kwenye kipande cha bomba,
nikaimiminia lita moja ya maji,
nikaitundika msumarini, nikatazama saa.
Dakika mbili.
Ikavimba kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa,
chuchu tano nyeupe,
na ya tatu ikaanza kujikamua yenyewe.
Tone. Nikangoja.
Tone.

Nilitundika hamsini hadi alfajiri.
Sakafu ikalowa, panya wakahamia kwenye vyandarua.
Kumi na moja zilivuja.
Nikaandika: gumba, gumba, kiganja, kidole cha pete.
Nikaandika jina la kampuni, nikalikata,
nikaliandika tena kwa herufi kubwa.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Kweli. Ila kimoja kinatosha kupitisha kitu
ambacho hata chawa mwenyewe hakioni.

Mkaguzi wa viwango alifika wiki ya tatu,
viatu safi, sauti ya chini.
Akanieleza kwamba kanuni yenyewe inakubali chache:
katika mia, zikivuja kiasi fulani, shehena inapita.
"Hakuna kiwanda kisicho na tundu, Bwana Odindo."
Sikubishana. Nilitaka tu kujua
hizo chache zinazoruhusiwa
huvaliwa na nani.
Akafunga faili polepole.
"Zako," akasema, "si chache."
Akabeba sampuli, akafunga stoo kwa utepe wa manjano.

Utepe ulifunga stoo. Haukufunga wodi.

Akina mama wakaambiwa waje na zao.
Pale getini Pesila, muuza ndizi, akaongeza biashara:
jozi shilingi hamsini, usiku sabini,
imekunjwa ndani ya karatasi ya daftari la hesabu,
saba mara nane ya mtoto wa mtu.
"Unazitoa wapi, Pesila?"
"Wewe nunua. Mkono mtupu haulambwi."

Nikanunua. Nikaenda nayo nyumbani,
nikaitia lita yangu, nikaitundika mlangoni.
Dakika mbili. Tano. Nikala ugali, nikarudi.
Haikuvuja hata tone.
Ila ilinuka sabuni ya kufulia,
na chini ya sabuni, hospitali.

Tangu hapo sijui nimwogope nani:
mpya inayovuja,
au kuukuu isiyovuja.

Barua ya maabara haijaja.
Kampuni, nasikia, imebadilisha jina
na imeomba tenda ya mashuka.
Damu ya Sista ilipimwa mara mbili;
ya tatu ni Desemba, na hatuitaji.
Siku hizi huvaa glavu mbili juu ya mkono mmoja.
Anasema ni nadra tundu kukutana na tundu.

Nami kila asubuhi nafungua leja:
mama mmoja, mtoto mmoja, glavu nne.
Safu ya maelezo ni nyembamba.
Naandika: mbili mbili.